Mbwa mlinzi hufundishwa angali mdogo

MBWA wa boma ni mfanyakazi kama wengine: asipofundishwa kazi hugeuka hasara. Mkoani Singida, ambako mbuzi na kuku wa kienyeji ni akiba ya kaya nyingi, mbwa asiyejua amri hula mayai, hukimbiza vifaranga na hata kuua watoto wa mbuzi. Mwenye mali hukasirika, mbwa huuawa kwa rungu, na zizi hubaki wazi kwa fisi na wezi.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa kwa makombo ya chakula na dakika chache kila siku.

Aanze lini?

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Akishahamia kwake, alale karibu na mbuzi ili awazoee kama jamaa zake. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa walinzi tangu mwaka 1994, na siri yao ni hiyo hiyo: mbwa hulelewa zizini tangu utotoni.

Amri tatu za kuanzia

“Njoo.” Chuchumaa, taja jina lake, kisha sema “njoo”. Akifika, mpe kipande cha ugali au dagaa papo hapo. Usimwite kamwe ili umpige. Siku ya pili hatakuja.

“Kaa.” Shika tonge juu ya pua yake, ulisogeze polepole kuelekea kisogoni. Akiinua kichwa, makalio hushuka yenyewe. Sema “kaa” na umpe.

“Acha.” Hii ndiyo inayookoa kuku. Ficha tonge ndani ya ngumi. Atanusa na kulamba. Mara anaporudi nyuma, sema “acha” na umpe tonge jingine kwa mkono wa pili. Akishaelewa, mfunge kamba na umpitishe karibu na kuku, ukirudia neno hilo. Asiachwe peke yake na vifaranga mpaka akomae.

Mafunzo yawe ya dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajashiba. Watu wote wa nyumbani watumie neno moja, liwe la Kiswahili, Kinyaturu au Kinyiramba. Baba akisema hivi na watoto vile, mbwa huchanganyikiwa.

Fimbo haifundishi

Mbwa anayepigwa hujifunza kumkimbia bwana wake tu. Mjini Morogoro, shirika la APOPO, linaloshirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Malipo yao ni ndizi na karanga. Ikiwa panya anaelewa kwa njia hiyo, mbwa ataelewa zaidi.

Afya kwanza

Mafunzo hayatoshi bila chanjo ya kichaa cha mbwa. Mfugaji amwone ofisa mifugo wa kata mapema, mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha chanjo irudiwe kila mwaka. Apewe pia dawa ya minyoo. Maini na mapafu mabichi ya mifugo asipewe, kwani humwambukiza tegu ambao mayai yao huwadhuru watu.

Mbwa aliyelelewa hivyo huchunga mali ya mwenyewe usiku kucha, na mshahara wake ni tonge la ugali.