Kinga dhidi ya Kemikali Hatarishi katika Upimaji wa Kaboni ya Udongo: Mfano wa Sampuli kutoka Buger

Udongo wa shambani katika kata ya Buger, wilayani Karatu, haumdhuru anayeuchota. Hatari huanzia katika maabara ya chuo kikuu, pale kaboni yake inapopimwa kwa mbinu ya Walkley na Black ya mwaka 1934. Kila sampuli hutumia mililita 10 za dikromati ya potasiamu na mililita 20 za asidi kali ya salfuriki. Hivyo, sampuli 20 huhitaji mililita 400 za asidi.

Kinga ya kwanza ni mpangilio wa hatua. Asidi humiminwa kwa uangalifu juu ya dikromati iliyoyeyushwa katika maji, ndani ya kabati la kufyonza hewa, mpimaji akiwa amevaa miwani, glavu na koti. Mchanganyiko huo hutoa joto kali. Kwa hiyo maji ya kuuzimua huongezwa baada ya dakika 30, ukiwa umepoa.

Kinga ya pili inahusu mabaki. Dikromati ina kromiamu ya daraja la sita, inayosababisha saratani. Salfeti ya chuma inayotumika kupimia huibadilisha kuwa ya daraja la tatu, yenye sumu ndogo zaidi. Hata hivyo, dikromati isiyotumika hubaki na sumu yake yote. Hiyo haipaswi kumwagwa katika sinki, bali hukusanywa katika chombo chenye lebo na kubadilishwa vivyo hivyo kabla ya kuteketezwa kwa mujibu wa sheria. Daftari linaloandika matokeo pasipo kuandika mabaki humwachia msafishaji wa maabara hatari asiyoijua.