Damu Igandapo Pasipo Jeraha

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 34, mkazi wa Jangwani, muuza vitenge Kariakoo. Mimba tatu mfululizo zimemharibikia kabla ya wiki ya 10. Majirani wakanong'ona kuwa ni mkono wa mtu. Katika mimba ya tatu, kipimo cha RPR kilionyesha ana kaswende. Mumewe alipimwa, akaonekana hana, shaka ikaingia nyumbani. Mwaka uliofuata mguu wake wa kushoto ulivimba, akadhani ni kusimama dukani kutwa. Leo ameletwa hospitali mdomo umepinda na mkono umelegea: kiharusi.

Matukio hayo manne yamo katika madaftari manne, na kila tabibu alitibu kipande chake. Yamkini ni ugonjwa mmoja: sindromu ya kingamwili dhidi ya fosfolipidi, iliyoelezwa na Graham Hughes na wenzake huko London mwaka 1983.

Kingamwili, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, humgeukia mwenyewe, na damu huganda ndani ya mishipa pasipo jeraha. Bonge likiziba mshipa wa mguu, mguu huvimba. Likisafiri hadi mapafuni, pumzi hubana. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Kondo la nyuma likidhurika, mimba huharibika. Wengine huwa na upungufu wa chembe sahani, au ngozi yenye michoro kama wavu.

Na kaswende? RPR hutambua kingamwili zinazofanana na za ugonjwa huu, hivyo yaweza kutoa jibu lisilo la kweli. Sharti jibu hilo lithibitishwe kwa kipimo mahususi cha kaswende kabla ya ndoa kutiwa doa.

Ili kuutambua ugonjwa, kingamwili hupimwa mara mbili, kwa kupishana wiki 12 au zaidi, kwani maambukizi mengine huzizua kwa muda tu. Aliyepata bonge kwa kawaida hupewa wafarini, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Wafarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mjamzito hupewa heparini na aspirini ya dozi ndogo. Wengi wanaotibiwa hivyo hujifungua watoto hai.

Ndugu mhudumu, ukimwona kijana mwenye kiharusi, muulize kuhusu mguu uliowahi kuvimba. Akiwa mama, uliza pia mimba zilizopotea. Nawe mgonjwa, usiliache daftari la zamani nyumbani. Yafikishe yote manne mezani pamoja.