Urejelezaji wa Nguo: Kutoka Vazi Kuukuu hadi Uzi Mpya

Mtahiniwa, kabla ya kuendelea, soma lebo iliyoshonwa ndani ya kola ya shati lako la shule. Mashati mengi ya shule huwa na poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35. Ukielewa maana ya nambari hizo mbili, utaelewa kwa nini nguo kuukuu ni taka zinazowasumbua wanasayansi.

Istilahi muhimu

Kutumia tena ni kuvaa nguo ileile kwa mara nyingine. Mtu anayenunua koti la mtumba Gikomba anatumia tena, harejelezi.

Kurejeleza ni kuivunja nguo iliyochakaa ili ipatikane malighafi ya kutengenezea kitu kipya.

Uchumi wa mzunguko ni mfumo ambao malighafi hurudi kiwandani badala ya kutupwa. Kinyume chake ni mfumo wa mstari: kuchimba au kulima, kutengeneza, kutumia, kutupa.

Nguo bado zimo katika mfumo wa mstari. Ripoti ya Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017 ilikadiria kuwa chini ya asilimia 1 ya malighafi inayotumika kutengeneza nguo hurejelezwa kuwa nguo mpya.

Kiini cha tatizo

Pamba hutokana na mmea. Imejengwa kwa selulosi, hunyonya jasho na huweza kuoza. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Ni imara, hukauka haraka na haikunjamani ovyo, lakini haiozi kwa urahisi. Viwanda huzisokota pamoja ili kupata sifa za zote mbili. Mvaaji hufaidika, ila mrejelezaji hupata taabu, kwani nyuzi hizo haziwezi kutenganishwa kwa mkono. Vifungo, zipu na rangi huongeza ugumu huo.

Mbinu tatu

(a) Mbinu ya mashine. Nguo huchanwachanwa hadi zikawa nyuzi tena. Ni mbinu rahisi na ya zamani, lakini nyuzi hukatika na kuwa fupi. Uzi wake huwa dhaifu, hivyo huchanganywa na nyuzi mpya. Sehemu kubwa huishia kuwa vitambaa vya kupangusia au vijazo vya magodoro.

(b) Mbinu ya kemikali. Taasisi ya utafiti wa nguo ya Hong Kong, HKRITA, ikishirikiana na H&M Foundation, ilitangaza mwaka 2017 njia ya kutenganisha pamba na poliesta. Nguo huwekwa ndani ya chombo chenye maji, joto na shinikizo, pamoja na kemikali inayooza isiyofika asilimia 5. Pamba huvunjika na kuwa unga wa selulosi. Nyuzi za poliesta hubaki, zikasokotwa upya.

(c) Mbinu ya vimeng'enya. Poliesta ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli ndogo. Mwaka 2020, watafiti wa Ufaransa walioshirikiana na kampuni ya Carbios walieleza jinsi walivyoboresha kimeng'enya ambacho asili yake ni mboji ya majani. Kwa saa 10, kilivunja asilimia 90 ya plastiki ya chupa na kuirudisha kwenye molekuli zake za mwanzo. Plastiki hiyo, PET, ndiyo pia poliesta ya nguo. Molekuli hizo zikiunganishwa tena, hupatikana plastiki yenye ubora wa ile mpya.

Je, uvumbuzi pekee unatosha?

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama: husifu teknolojia na kusahau soko. Chukua mfano wa kampuni ya Renewcell ya Uswidi. Mwaka 2022 ilifungua kiwanda katika mji wa Sundsvall cha kugeuza nguo zenye pamba nyingi kuwa karatasi nzito za selulosi, ambazo viwanda vingine huzigeuza kuwa uzi. Mbinu ilifanya kazi. Hata hivyo, maagizo ya wanunuzi yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa, na Februari 2024 kampuni ikafilisika. Mwaka huohuo ilipata mmiliki mpya na kuitwa Circulose. Funzo ni kwamba mzunguko hukamilika pale tu mtu anapokubali kununua kilichorejelezwa, hata kama malighafi mpya ni nafuu.

Zingatia unapojibu

• Usichanganye kutumia tena na kurejeleza.
• Ukitaja mbinu, taja faida na kasoro yake.
• Toa hoja pande zote: mwanasayansi, mwenye kiwanda, serikali na mnunuzi.
• Usiseme tatizo limetatuliwa. Mbinu (b) na (c) bado zinajitahidi kutoka maabara hadi viwanda vikubwa.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha uchumi wa mzunguko na mfumo wa mstari. (alama 4)
2. Eleza kwa nini shati la pamba na poliesta ni gumu kurejelezwa kuliko la pamba tupu. (alama 4)
3. "Mashine bora haiwezi kuokoa mazingira bila mnunuzi." Jadili kwa kurejelea mfano mmoja. (alama 12)

Kidokezo cha swali la 2: anza na lebo ya shati lako.