Nani Atamfungasa Mgeni?

Mtu afikaye Tunduma kwa mara ya kwanza, akaona safu za malori yanayongojea zamu ya kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, na vumbi, na wabadilisha fedha, na reli ya TAZARA ipitayo hapo, hawezi kudhani hata kidogo kwamba yumo katika mkoa wenye habari za manahodha na mawimbi. Walakini mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na kuwekewa makao yake makuu Vwawa, una maji mengi kuliko sifa zake. Una mito miwili yenye jina moja la Songwe, jambo liwachanganyalo wageni wengi: mmoja huelekea kusini-mashariki, ukawa mpaka wetu na Malawi hata ukaingia Ziwa Nyasa, na wa pili huelekea kaskazini-magharibi, ukamwagikia Ziwa Rukwa. Na hilo Rukwa, ambalo samaki wake wakavu hupanda magari wakafika sokoni Tunduma bila ya mnunuzi kuuliza wametokaje majini, ndilo nilikusudialo katika makala haya. Nalo nalitaka kwa ajili ya swali moja tu, nalo ni hili: chombo kikiharibika katikati ya ziwa, na chombo kingine kikapita, mwenye kupita ana wajibu gani kwa mtu asiyemjua?

Rukwa ni ziwa lenye tabia ya pekee. Limelala katika Bonde la Ufa, kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, kati ya miinuko ya Ufipa upande wa magharibi na ile ya Mbozi na Chunya upande wa pili. Halina mto utokao, bali maji yote yaletwayo na Songwe, na Momba, na mito mingine, hupotea kwa kuchukuliwa na jua, na ndiyo sababu yana magadi. Kwa kuwa halina pa kutolea, ziwa hilo hufuata mvua kama mtumwa amfuatavyo bwana wake: mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kiasi cha kilomita 50, na ilipofika mwaka 1939 ulikuwa umepita kilomita 120, na siku hizi hutajwa kuwa kiasi cha kilomita 180 kwa wastani wa upana wa kilomita 32. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba ufuo hauna mahali pake pa daima. Palipokuwa shamba huwa maji, palipokuwa maji huwa tope na matete, na visiki vilivyofunikwa humngojea mwenye kupita bila ya kumpa ishara yoyote.

Tena kina chake ni kifupi, na hapa ndipo wasiojua maji hukosea, kwa kudhani kwamba kina kifupi ni salama. Upepo uvumao juu ya maji ya kina kirefu huinua wimbi refu, lenye mgongo mpana, ambalo chombo huweza kulipanda na kulishuka. Bali uvumao juu ya maji machache huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima na kufuatana karibu karibu, hata mtumbwi haujamaliza kuinuka kwa la kwanza umekwisha kupigwa na la pili. Na upepo wa bondeni, uliobanwa na milima pande zote mbili, huweza kuja ghafla. Zaidi ya hayo kuna mamba na viboko, ambao kwa ajili yao kuogelea hadi pwani si shauri la kumpa mtu.

Basi na tufikiri juu ya chombo kilichozimika. Lori likiharibika katika mteremko wa Senjele, dereva hukata matawi, akayatandaza barabarani nyuma ya gari lake kuwaonya wajao, kisha akakaa kivulini akingoja fundi au dereva mwenziwe. Anaweza kungoja saa nzima, anaweza kungoja siku mbili, na gari lake litakuwa palepale alipoliacha. Mtumbwi haungoji. Injini ya kupachika ikizimika, kwa petroli iliyoingia maji, au kwa plagi chafu, au kwa rafadha iliyozongwa na nyavu na majani, chombo hupoteza amri yake. Pua huacha upepo, ubavu hugeukia mawimbi, na maji huanza kuingia. Mtu mmoja hushika kata kufua maji, wa pili huhangaika na injini, wa tatu, kama yupo, hushika kasia kujaribu kurudisha pua mahali pake. Na muda wote huo chombo kinakwenda kule upepo upendako. Kwa hiyo tofauti kati ya kuharibikiwa na kuwa katika hatari, ambayo barabarani ni kubwa sana, majini ni suala la dakika, na aghalabu mwenye kupita kwa mbali hawezi kujua kama aonacho ni dhiki ndogo au ni mwanzo wa msiba.

Naye huyo apitaye ana hesabu zake, ambazo si insafu kuzidharau. Kwanza ni petroli. Mvuvi hupima mafuta yake kwa safari yake, akaongeza kidogo kwa dharura zake mwenyewe. Kumfungasa mwenziwe, yaani kumvuta kwa kamba hadi mwaloni, hula mafuta mengi kuliko kwenda mtupu, na yamkini wakaishiwa wote wawili kabla ya kufika. Pili ni nyavu, ambazo zimetegwa mahali, zinangoja, na samaki hawamngoji mtu mwenye huruma. Tatu ni udogo wa chombo: mtumbwi uliokwisha kubeba watu watatu na shehena yake ukiongezwa wanne walioshikwa na hofu, wote wakarukia upande mmoja, utapinduka, na waokoaji watahitaji waokoaji. Nne, na hili halisemwi hadharani, ni hofu ya watu. Katika maziwa yetu makubwa, Victoria na Tanganyika, wavuvi wameibiwa injini na nyavu na majambazi wa majini, wengine wakauawa. Na mtu aliyesikia habari hizo hawezi kulaumiwa sana akiona kitambaa kinapungwa kwa mbali wakati wa magharibi, akasita kabla ya kugeuza sukani.

Lakini kusita ni jambo moja na kupita ni jambo jingine. Mimi naona kwamba sababu zote hizo nne, zikikusanywa pamoja, zinamruhusu mtu kukataa kukivuta chombo. Hazimruhusu hata moja kuondoka bila ya kujua kama watu waliomo watafika jioni wakiwa hai.

Tofauti hiyo, kati ya watu na chombo, si yangu mimi. Ilikwisha kuandikwa zamani na mataifa ya baharini, na inafaa msomaji wa Tunduma aijue, ijapokuwa mikataba yenyewe iliandikwa kwa ajili ya bahari kuu na si kwa ajili ya ziwa la bondeni. Mwaka 1910, mjini Brussels, dola nyingi zilikubaliana kwamba kila nahodha, maadamu hahatarishi chombo chake na watu wake, sharti amsaidie kila mtu amkutaye baharini akiwa katika hatari ya kupotea, hata kama ni adui. Miaka miwili haijatimia ndipo ilipozama Titanic, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, na dunia ikajifunza jinsi kanuni iliyoandikwa isivyotosha: meli iitwayo Californian ilikuwa imesimama kwenye barafu si mbali sana na hapo, mfanyakazi wake wa simu ya upepo amekwisha kulala, na mabaharia wake wakaona fataki zikirushwa angani wasizitafsiri kuwa ni wito, ilhali Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, iligeuza njia mara ilipopata habari na kuwaokoa zaidi ya watu 700. Kwa sababu ya msiba ule ukatungwa mwaka 1914 mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, na wajibu huohuo ukarudiwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania imeuridhia.

Katika sheria za uokoaji, mwenye kuokoa mali anastahili ujira, tena mara nyingi ujira mkubwa, na asipofaulu kuokoa chochote, kwa kawaida hapati kitu. Bali mtu aliyeokolewa nafsi yake hadaiwi hata senti moja kwa kuokolewa. Roho haina nauli, lakini chombo, na injini, na shehena, vina gharama zake, na si aibu kuzitaja. Naona watu wa maji walioanzisha desturi hiyo walikuwa na akili kuliko sisi tuhubirio kwamba msaada wa kweli hauna malipo: walijua kwamba mtu akilazimishwa kutoa vyote bure, atajifunza kutazama upande mwingine.

Wako watakaosema kwamba Mtanzania hahitaji kufundishwa hayo, na ushahidi wao ni wa haki. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, wavuvi wa kaskazini mwa Unguja walikuwa miongoni mwa waliotia vyombo vyao majini, na mamia ya watu wakatolewa hai. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, ikiwa na watu 43, waliofika mwanzo walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 wakafa. Hakuna aliyewauliza wavuvi wale mafuta yao yatalipwa na nani, wala wao hawakuuliza.

Nakubali yote hayo, na bado nasema kwamba ushahidi huo haujibu swali letu. Msiba mkubwa una kishindo. Huita kijiji kizima, na mtu abakiye ufuoni huonekana na jirani zake kuwa amebaki. Chombo kidogo kilichozimika katikati ya Rukwa hakina kishindo. Kina watu watatu, na shati lililofungwa kwenye pondo, na shahidi mmoja tu, naye ndiye huyo apitaye, ambaye akiamua kwamba hakuona, basi hakuna mwingine duniani atakayejua kwamba aliona. Ujasiri wa Nungwi na Bukoba ulikuwa wa watu wengi mbele ya macho ya watu. Unaohitajika hapa ni wa mtu mmoja asiyetazamwa na yeyote, tena kwa ajili ya mgeni.

Na ugeni ni jambo zito katika ziwa hili. Wawanda wa Ivuna, penye chemchemi za chumvi tangu kale, na Wabungu wa upande wa mashariki, na Wafipa wa upande wa pili, wana ujirani wao wa siku nyingi. Lakini uvuvi huleta watu kutoka mbali, Wasukuma na wengineo, wakaao kambini msimu mmoja na kuhamia kambi nyingine samaki wanapohama, au ziwa lenyewe linapohama. Katika mwalo ambao watu hujuana kwa majina ya baba zao, anayemwacha mwenziwe majini atakutana naye, au na mjane wake, kisimani kesho. Hisani hapo ina ulinzi wake. Katika kambi ya watu waliokutana mwezi uliopita, ulinzi huo haupo. Sisemi kwamba watu wa kambini wana mioyo migumu. Nasema kwamba desturi isiyo na wenyeji wake huhitaji kupewa wenyeji wengine.

Kabla ya hilo, maneno machache juu ya namna ya kusaidia, kwa maana wema usio na ujuzi umekwisha kuzamisha wengi. Mwenye kuokoa asikimbilie ubavu wa chombo kilichozimika wakati wa mawimbi, kwani vyombo viwili vikigongana, kile kidogo ndicho huvunjika. Akae mbali kidogo, aulize kwa sauti wako wangapi, maji yameingia kiasi gani, nani ameumia. Watu wa kule wanapolia, “Jamani, tuokoeni,” waambiwe wakae chini, wasisimame wote. Wakihamishwa, wahamishwe mmoja mmoja, wenye jaketi za kujiokolea na wasio nazo kwa zamu ambayo mwenye chombo kizima ndiye aipangaye. Kamba ya kufungasia iwe ndefu, ifungwe penye pua ya chombo kinachovutwa, na mwendo uwe wa polepole. Na mtu mmoja akae tayari na kisu, ili chombo cha nyuma kikianza kuzama kisije kikamvuta aliyekuja kwa hisani. Naye aliyezimikiwa, wakati akingoja, afunge ndoo au kipande cha wavu kwenye kamba na kukitupa kutoka puani: kitu hicho kinachoburuta majini hushika pua ikaelekea upepo, na kumpa saa moja au mbili ambazo pengine ndizo zitakazomleta mpita njia.

Sasa turudi kwa wenyeji wa desturi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimetambua vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali katika mialo, vijulikanavyo kwa herufi BMU, ambavyo kazi yao ijulikanayo zaidi ni kupambana na uvuvi haramu. Kikundi cha namna hiyo, kilicho na viongozi na kinachowajua wenye vyombo, kingeweza kuweka madumu machache ya petroli chini ya mwangalizi, ikatangazwa kwamba yeyote, mwenyeji au mgeni, aliyemleta mtu au chombo kilichoharibika, atarudishiwa mafuta yake siku ileile bila ya maneno. Na mwenye chombo kilicholetwa akalipa polepole, kwa samaki au kwa fedha, kwa kikundi wala si kwa mwokozi. Kingeweza pia kuandika kila asubuhi nani ametoka, kwa chombo gani, na anatarajiwa lini, ili jina lisilofutwa jioni liwe ndilo wito.

Watu watauliza fedha za madumu hayo zitoke wapi, na kama mwangalizi hatayauza. Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yatapatikana mwaloni, si katika gazeti. Lakini mfanyabiashara wa Tunduma apokeaye shehena ya samaki wa Rukwa kila wiki anaweza kuwa mmoja wa watu wa kuulizwa, kwa kuwa yeye naye anakula katika ziwa lile bila ya kulowa.