Parachichi la nyumbani: Mche wa kokwa au wa kubebeshwa?

MJI mdogo wa Dongobesh, ulioko wilayani Mbulu, mkoani Manyara, umekaa katika nyanda za juu zinazoinuka kutoka Bonde la Ufa, kwenye barabara itokayo Mbulu kwenda Haydom. Ni nchi ya baridi, mahindi, maharage na mifugo, yenye mwinuko unaozidi meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mazingira ya namna hii hupendwa na mparachichi, hususan aina ya Hass, ambayo ndiyo inayotafutwa zaidi katika masoko ya nje.

India ilifungua soko lake kwa parachichi la Tanzania mwaka 2021, na mwaka uliofuata China nayo ikakubali kulipokea. Tangu hapo, mti uliozoeleka kuwa kivuli cha uani umeanza kutazamwa kama akiba ya familia. Hata hivyo, kati ya kupanda na kuvuna kuna miaka mingi, na kasoro ya siku ya kupanda huweza kujulikana wakati mwenye shamba ameshapoteza muda ambao hawezi kuununua tena.

Kasoro ya kwanza ni ya mbegu. Kokwa lililotolewa katika tunda tamu huota kwa urahisi ndani ya wiki chache, lakini mti wake haurithi sifa zote za mama. Maua ya parachichi huchavushwa na nyuki kutoka mti mmoja hadi mwingine, hivyo kila kokwa ni mchanganyiko mpya. Aidha, mti wa kokwa huweza kuchukua miaka mitano hadi minane, au hata zaidi, kabla ya kuzaa, ilhali mche uliobebeshwa huanza kutoa matunda katika mwaka wa tatu au wa nne.

Hass yenyewe ni ushahidi wa jambo hilo. Ilitokana na kokwa moja lililooteshwa na Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta wa California nchini Marekani, aliyepata hataza ya mti huo mwaka 1935. Miti yote ya Hass duniani asili yake ni vikonyo vilivyokatwa katika mti huo mmoja na kubebeshwa juu ya mashina mengine.

Hii haina maana kwamba kokwa halina kazi. Mche wa kokwa la mparachichi wa kienyeji uliozoea udongo na baridi ya mahali hapo hufaa kuwa shina la chini. Unapofikia unene wa penseli, hukatwa na kubebeshwa kikonyo cha aina bora. Hata mwenye mti mkubwa usiozaa vizuri hana haja ya kuung'oa, kwani huweza kuukata na kubebesha machipukizi yake. Anayenunua mche na achunguze kovu la kubebesha. Asipoliona, huenda anauziwa mche wa kokwa kwa bei ya mche bora.

Shimo la kupandia liwe na upana na kina cha sentimeta 60. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha urudishwe. Samadi mbichi huunguza mizizi. Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, na kovu la kubebesha lisifukiwe. Nafasi ya meta saba kutoka mti hadi mti hutosha kwa bustani ya nyumbani.

Adui mkubwa wa mti huu ni maji yanayotuama. Mizizi yake haiendi chini sana, na udongo unaposhiba maji hushambuliwa na vimelea viitwavyo Phytophthora, ambavyo huozesha mizizi. Majani hupauka, hudogoka na kupukutika kuanzia juu. Mti mama wa Hass wenyewe uliangamizwa na ugonjwa wa mizizi mwaka 2002. Kwa hiyo, katika udongo mzito ni bora kupanda juu ya tuta, na kuepuka sehemu ya uani ambako maji ya paa humwagika.

Kiangazi, kwa upande mwingine, huua miche michanga. Kuanzia Juni hadi Oktoba mche umwagiliwe mara moja au mbili kwa wiki, na matandazo ya nyasi kavu yawekwe kuuzunguka bila kugusa shina. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kuchomekwa ardhini husaidia pale maji yanapokuwa ya kubebwa kichwani.

Wengi hulalamika kwamba mti unachanua lakini hauzai. Kila ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike na siku inayofuata likiwa dume. Hass huwa jike asubuhi, na aina ya Fuerte huwa jike alasiri. Mti wa aina moja huweza kuzaa ukiwa peke yake, lakini aina hizi mbili zikiwa jirani, na nyuki wakiwapo, mavuno huongezeka. Hata hivyo, kwa kila maua mia moja, tunda moja likikomaa ni bahati. Anayepulizia dawa ya wadudu wakati wa maua huwafukuza wafanyakazi wake mwenyewe.

Kwa kaya za Mbulu na Hanang zenye ng'ombe na mbuzi kuna tahadhari nyingine. Majani na magome ya mparachichi yana sumu iitwayo persini. Mnyama anayekamuliwa akila majani hayo kwa wingi huweza kuvimba kiwele na kupungukiwa maziwa, na moyo wake huweza kudhurika. Uzio, basi, hulinda mti dhidi ya mbuzi, na mbuzi dhidi ya mti.

Mwisho ni kuvuna. Parachichi haliivi likiwa mtini, bali hukomaa tu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Tunda likichumwa changa husinyaa na kuwa kama mpira. Chuma moja kwanza na ulipasue: ngozi ya kokwa ikiwa imegeuka kahawia na kukauka, mavuno yapo tayari. Matunda yakatwe yakiwa na kipande cha kikonyo, yasiangushwe chini kwa fimbo, kwa kuwa jeraha hukaribisha ugonjwa wa chule.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anayetamani mti huu achague aina zinazostahimili joto la pwani badala ya kuiga Hass ya nyanda za juu. Popote alipo, saa moja ya kukagua mche kabla ya kuulipia itamwepusha na miaka minane ya kungoja tunda asilolitaka.