Marama: Kunde ya Mwituni Inayoishi kwa Kiazi Chake

Katika mchanga wa Kalahari, unaoenea Botswana, Namibia na Afrika Kusini, huota mmea wa jamii ya kunde uitwao marama, ambao kwa jina la kisayansi ni Tylosema esculentum na ambao ndugu yake wa karibu, Tylosema fassoglense, hupatikana pia Kenya na Tanzania. Marama ni mmea wa kudumu, yaani usiohitaji kupandwa upya kila mwaka: mashina yake yanayotambaa ardhini hukauka kipupwe kinapoingia, kisha joto na mvua vinaporejea huchipua tena kutoka kwenye kiazi kilichofukiwa mchangani.

Uhai wake umo katika kiazi hicho, ambacho sehemu yake kubwa ni maji na ambacho huendelea kunenepa miaka nenda miaka rudi. Kimoja kilichochimbuliwa Botswana kilikuwa na uzito wa kilo 277. Hata hivyo, mizizi ya marama haina vinundu, yaani vile vivimbe vidogo ambamo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea, hivyo haifai kutegemewa kurutubisha shamba kama kunde za kawaida.

Hazina yake kwa mlaji ni mbegu. Ndani ya ganda la hudhurungi, gumu kama mti, mna kiini cheupe ambacho takriban theluthi ya uzito wake ni protini, kiwango kinachokaribiana na cha soya, na theluthi nyingine au zaidi ni mafuta. Wasan, wenyeji wa Kalahari walioutegemea mmea huu tangu kale, huzichoma mbegu katika mchanga wa moto na majivu, kisha huzipasua, na kiini kinachotoka huwa na ladha inayokumbusha korosho za kukaanga. Moto huo una kazi nyingine kubwa zaidi, kwani mbegu mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani kemikali zinazokifunga kimeng'enya cha kumeng'enya protini utumboni, na joto ndilo linaloziharibu. Mekoni jambo hili lilizingatiwa muda mrefu kabla ya maabara kulieleza. Kiazi kichanga nacho huliwa, ilhali kilichozeeka huwa na nyuzi na uchungu.

Anayetaka kuulima hana budi kukwaruza ganda la mbegu ili maji yapenye, na kuchagua udongo wa kichanga usiotuamisha maji, kwa sababu kiazi huoza upesi. Kinachohitajiwa zaidi ni subira, kwa kuwa mche huchukua miaka miwili au zaidi kabla ya kutoa maua. Maua yenyewe ni ya aina mbili, mengine yakiwa na shingo ndefu ya ogani ya kike na mengine fupi, na kila mmea hutoa aina moja tu, huku chavua ikihitaji kuvuka kwenda kwenye aina nyingine ndipo mbegu zitunge. Kwa hiyo shamba la miche michache iliyotokea kuwa ya aina moja huweza kujaa maua ya njano na kukosa mavuno.