Kuku Mgeni Akae Peke Yake Kwanza

Wazee wetu walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku hizi tunaitumia methali hii kwa watu, lakini ilitoka kwa kuku wenyewe. Kuku akinunuliwa hufungwa kamba ili asirudi alikotoka. Sisi wafugaji bado tunafanya hivyo. Tunamfunga mtini pale uani. Kuku wengine wanamzunguka, wanakula naye, wanakunywa naye. Tunaona kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo hasara inapoanza. Kamba humzuia kuku asikimbie, lakini haizuii ugonjwa.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye kuku 12. Amekwenda mnadani, ameona tembe mzuri, amemnunua. Jioni anamwingiza bandani pamoja na wenzake. Siku ya tano tembe anazubaa, mabawa yameshuka. Siku chache baadaye kuku wa nyumbani nao wanahara kinyesi cha kijani. Wengine shingo zinapinda. Kabla mwezi haujaisha, banda ni tupu. Na kuku wale ndio waliokuwa chumvi, madaftari ya watoto na nauli ya kwenda hospitali.

Ugonjwa huo ni mdondo. Mahali pengine huitwa kideri. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Virusi hivyo hutoka katika kinyesi, mate na pumzi ya kuku mgonjwa. Huchukuliwa pia na matenga, viatu na nguo zetu. Mdondo hauna dawa ya kuuponya. Tena unaweza kujificha ndani ya kuku kwa siku 2 hadi 15, naye akaonekana mzima kabisa. Ndiyo maana kumtazama kuku sokoni hakutoshi.

Basi tufanye nini? Hebu tufuate hatua hizi.

Kwanza, tuchague vizuri. Afadhali kununua kwa jirani tunayejua kuku wake ni wazima kuliko kununua mnadani, ambako kuku wa vijiji vingi huchanganyika. Macho yawe maangavu, pua iwe kavu, manyoya ya nyuma yawe safi. Tufunue manyoya chini ya mabawa na karibu na mkia tutafute chawa na utitiri. Tuangalie na viroboto wanaong'ang'ania usoni. Ikiwezekana tununue wawili wanaolingana, kwa sababu mgeni mmoja huonewa zaidi.

Pili, tumtenge kwa majuma matatu. Akae katika kibanda chake au ndani ya tenga kubwa, mbali na wengine, chombo chake cha maji kikiwa mbali na chao. Kila asubuhi tuwahudumie kwanza kuku wetu, mgeni awe wa mwisho. Kisha tunawe mikono kwa sabuni na kusafisha viatu. Tumwekee majivu makavu yaliyopoa ajigaragaze ndani yake ili kupunguza wadudu. Akiugua, tumwite afisa mifugo. Akifa, tumchome moto au tumfukie katika shimo refu. Tusimtupe porini, wala tusimpeleke mnadani kumuuzia mwenzetu hasara yetu.

Tatu, tuchanje. Iko chanjo ya mdondo inayostahimili joto, iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa Tanzania. Kila kuku hudondoshewa tone moja katika jicho moja, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huhitaji kama majuma mawili kujengeka mwilini. Kwa hiyo tusingoje mpaka mgeni afike mlangoni, kuku wa nyumbani wachanjwe mapema. Mgeni naye, akiwa mzima, achanjwe siku ya kuingia. Lakini tukumbuke kwamba chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Tena hukinga mdondo tu, wala haikingi ndui wala maradhi mengine. Kwa hiyo hata aliyechanjwa atengwe.

Nne, waonane bila kugusana. Majuma matatu yakiisha, tulisogeze tenga la mgeni karibu na wenzake kwa siku 5 hadi 7. Kuku wana ukubwa na udogo baina yao. Kila mmoja anamjua anayemdonoa na anayemkimbia. Akiingia mgeni, mambo yote hupangwa upya. Wakizoeana kwa kutazamana, ugomvi hupungua.

Tano, tumwingize usiku. Kuku haoni vizuri gizani, hawezi kupigana. Tumweke taratibu penye wenzake wamelala. Asubuhi tuamke mapema tuone hali. Tuweke chakula na maji mahali pawili au patatu, ili mgeni akifukuzwa hapa apate pale. Watadonoana siku chache, hiyo ni kawaida. Lakini tukiona damu tumwondoe mara moja, kwa maana kuku wakiona damu hawaachi kudonoa. Kidonda tukioshe kwa maji ya chumvi, naye akae peke yake hadi apone.

Wengine watasema majuma matatu ni mengi, na kibanda cha pili ni gharama. Ni kweli kazi ipo. Lakini kibanda hicho chaweza kujengwa kwa fito na nyasi, na tenga la zamani laweza kutosha kuku mmoja. Tulinganishe kazi hiyo na kupoteza kuku 12.

Tena sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunao msaada mkubwa, nao ni kalamu. Siku kuku anapoingia, tuandike katika daftari: "Tembe mweusi, kaingia tarehe 3. Kachanjwa tarehe 3. Kusogezwa kwa wenzake tarehe 24." Tukitegemea kichwa tu, siku ya kumi tutadhani ni ya ishirini. Daftari halisahau.

Kamba ya wazee tusiitupe, maana walijua kwamba mgeni hachanganywi na wenyeji siku ile ile. Tuliongeze tu tenga lake, chanjo yake na tarehe yake.